UZI: Kikokotoo kinachoamua mtaa upi ukingwe na mafuriko na upi uachwe

Ramani Mkononi (mleta mada)

Wakuu salaam.

Mijadala ya haki ya tabianchi mijini huwa inaishia palepale: nchi tajiri zimechafua hewa, maskini ndio wanaozama, walete hela. Sina ubishi na hilo. Ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, ilionyesha kwamba kati ya 2010 na 2020 vifo vya mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi kwenye maeneo dhaifu kabisa kuliko kwenye maeneo yenye udhaifu mdogo. Mfuko wa hasara na uharibifu wa kuzisaidia nchi maskini zilizoathirika, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka huohuo, nao una uzi wake. Mimi nataka tuanzie pale ambapo hela imeshafika mjini. Mto una kingo mbili na hela inatosha ukuta wa upande mmoja. Nani anachagua upande?

Wengi mtasema wanasiasa. Lakini mara nyingi faili likifika mezani kwa mwanasiasa, uamuzi umeshapikwa na kikokotoo.

Kinafanya kazi hivi. Mhandisi anaandika gharama ya ukuta. Kisha anaandika hasara ambayo ukuta utaiepusha, na hasara hiyo kwa sehemu kubwa ni thamani ya mali: nyumba, maduka, magari, barabara. Anagawanya. Mradi wenye uwiano mkubwa unapanda juu ya orodha. Sasa chukua kingo zetu mbili. Kulia kuna nyumba 40 zenye bustani. Kushoto kuna vyumba 600 vya mabati na mbao. Maji yakipanda mita moja, kulia wanapoteza sakafu za mbao, makabati ya jikoni, magari na jenereta. Kushoto wanapoteza magodoro, cherehani, vyeti vya watoto na wiki tatu za kibarua. Kwenye jedwali kulia kunashinda kwa mbali, kwa sababu godoro lina thamani ndogo na wiki tatu za kibarua hazina safu ya kuandikwa. Hakuna aliyehongwa. Hakuna aliyesema maskini wafe. Jedwali limejumlisha tu.

Mahali ambapo kikokotoo cha namna hii kilifikishwa mahakamani ni New Orleans, Marekani. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilianzisha mpango ulioitwa Road Home wa kuwasaidia wenye nyumba kujenga upya, hadi dola 150,000 kwa nyumba. Hesabu ilianzia kwenye kilicho kidogo kati ya viwili: thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, au gharama ya kuirudisha. Rudieni kuisoma hiyo sentensi. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, zilizoingiwa na maji ya kina kimoja, zinahitaji mbao zilezile, misumari ileile, na fundi anadai ujira uleule. Iliyoko kwenye mtaa wa wazungu, soko linaithamini kuliko gharama ya ukarabati, kwa hiyo mwenyewe anahesabiwa gharama yote. Iliyoko kwenye mtaa wa weusi, soko linaithamini chini ya gharama, kwa hiyo mwenyewe anahesabiwa hiyo thamani ya chini, na pengo atajua mwenyewe. Kanuni haikutaja rangi ya mtu popote. Wenye nyumba weusi walikwenda mahakamani, 2010 jaji wa shirikisho akaona hoja yao ina mashiko, na 2011 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 62 za nyongeza. Hiyo ni miaka sita baada ya maji.

Na kwa nini soko lilikuwa linathamini chini? Miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lililoitwa HOLC lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipa mitaa madaraja ya hatari ya mkopo wa nyumba, kuanzia A iliyo salama hadi D iliyo hatari zaidi. D ilipakwa rangi nyekundu. Fomu ya kila mtaa ilikuwa na nafasi ya kujaza kama weusi wapo au hawapo, ni asilimia ngapi, na ni watu gani "wanapenyeza". Mwaka 2020 watafiti walichukua ramani za miji 108 wakazilaza juu ya vipimo vya joto la ardhi vya satelaiti. Mitaa iliyokuwa nyekundu ilikuwa na joto zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6 kuliko mingine, zaidi ya miaka 80 baadaye. Miti michache, lami nyingi, na barabara kuu zilizopitishwa pale ardhi ilipokuwa rahisi kuchukuliwa.

Swali langu kwenu: tukikubali kwamba hela haitoshi kuta zote, kikokotoo kibadilishwe vipi? Naomba majibu ya mtu anayetakiwa kusaini. Ya majukwaani tunayajua.

Kiti cha Nyuma

Nimeshavuta kiti. Endeleeni.

Jiwe la Mto

Mkuu Ramani, umepanga hoja vizuri ila kuna mtu umemruka: yule aliyejenga bondeni akijua ni bonde. Alama ya kubomolewa inachorwa ukutani, yeye anapaka rangi juu yake. Maji hayaulizi kipato. Ukianza kuhesabu vichwa badala ya thamani, umetangaza kwamba njia ya uhakika ya kupata ukuta wa serikali ni kujazana kwenye mkondo. Leo vyumba 600, kesho 6,000. Na ukuta ukizidiwa siku moja, huyo aliyesaini atajibu nini?

Waondolewe, walipwe, wapewe viwanja salama. Mimi naiona hiyo ndiyo haki, hayo mengine ni kuwabembeleza wafie palepale.

Bi Mchoro

Kaka Jiwe, kwamba wanajua ni kweli. Wanajua kuliko wewe na mimi, maana wao wana alama za maji kwenye kuta zao za ndani. Lakini wao wamepima mambo mawili na wewe umepima moja. Mafuriko yanakuja siku chache kwa mwaka. Kazi inatafutwa kila asubuhi.

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya Olga Tellis, iliyohusu watu waliokuwa wakiishi kando ya barabara Bombay. Majaji walikubali kwamba watu wale wanalala pale kwa sababu riziki iko karibu, na kwamba kumnyang'anya mtu riziki ni kugusa haki yake ya kuishi. (Halafu majaji haohao wakaruhusu waondolewe mradi utaratibu ufuatwe. Sheria nayo ina vituko.)

Hivyo viwanja salama, tuangalie Jakarta. Aprili 2016 serikali ya jiji ilibomoa makazi ya Kampung Akuarium kwenye pwani ya kaskazini. Sababu zilikuwa nzuri kwenye karatasi: kuzuia mafuriko na kupendezesha eneo. Watu wakapewa vyumba vya kupanga kwenye maghorofa ya serikali, mbali na bahari na soko la samaki walilokuwa wakilitegemea. Sehemu yao wakarudi wakaishi juu ya kifusi. Juu ya kifusi, ndugu yangu, chini ya maturubai. Gavana mpya aliingia 2017, na 2021 maghorofa mapya yakafunguliwa palepale kwa ajili ya watu walewale. Jiji lilibomoa, likahamisha, kisha likajenga upya papo hapo. Ukitafuta matumizi mabaya ya hela ya umma, anzia hapo.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kuzama kwa Jakarta (ardhi yenyewe inashuka) inatokana na kuvuta maji ya ardhini, visima virefu vya majengo makubwa na viwanda vikiwemo. Na wakati vibanda vinabomolewa kwa jina la mafuriko, ghuba hiyohiyo ilikuwa na mpango wa kutengeneza visiwa 17 vya kujaza udongo kwa ajili ya majengo ya kifahari. Vibali vya visiwa 13 vilikuja kufutwa 2018. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: ukanda ukitangazwa hatari, tazama nani anabaki. Hoteli ikibaki na kibanda kikaondoka, hilo tangazo lilikuwa la ardhi na mafuriko yalikuwa kisingizio.

Jiwe la Mto

Jakarta ni siasa, dada. Nipe mahali ambapo maji yalipata njia na watu wakabaki. Bila hapo tunapiga hadithi.

Fundi Mitaro

Bangkok. Mfereji wa Bang Bua.

Watu waliishi pale kwa miongo, nyumba zimesimama juu ya nguzo ndani ya maji, na jiji likiwashutumu kwamba wanachafua mfereji na kuziba mkondo. Shutuma hazikuwa za uongo zote. Choo kilichoko juu ya maji kinajulikana kinaishia wapi. Tishio la kuondolewa lilikuwa la muda mrefu. Kisha 2003 Thailand ikaanzisha mpango wa Baan Mankong chini ya taasisi ya serikali inayoitwa CODI. Tofauti yake iko kwenye mlolongo wa hela. Ruzuku ya miundombinu na mkopo wa nyumba vinapitia kwa kikundi cha wakazi chenye akiba yake, na kikundi ndicho kinachopanga mchoro wakiwa na wasanifu. Mkandarasi wa wizara hashushwi tu kutoka juu.

Walichofanya Bang Bua: nyumba zikarudishwa nyuma kutoka kwenye maji, viwanja vikapunguzwa na kunyooshwa ili kila mtu apate, njia ya miguu ikapita kando ya mfereji. Ardhi ni ya serikali, wakapewa mkataba wa pamoja wa miaka 30. Kwa sisi wa mitaro ile njia ya miguu ndiyo nusu ya mradi. Mfereji usio na mahali pa kusimama haufikiki, usiofikika hausafishwi, na usiosafishwa unajaa tope hata ungeupanua mara tatu. Wakazi waliobaki kihalali ndio walinzi wake. Mtu anayengoja kubomolewa hawezi kuzibua mtaro.

Haikuwa pepo. Mafuriko ya 2011 yaliyoua zaidi ya watu 800 nchini humo yalileta msukumo wa kupanua mifereji ya jiji, na kwenye mifereji mingine wapo waliogoma kabisa, wakiona nyumba mpya ni ndogo na mkopo ni mzigo. Lakini Jiwe uliomba mahali maji yalipata njia na watu wakabaki. Ndiyo hapo.

Jiwe la Mto

Nimepaona. Mkataba wa miaka 30 juu ya ardhi ya serikali, hilo nalikubali kuliko hati. Bado swali la kujazana halijajibiwa.

Zamu ya Usiku

Mnaongea maji tu kwa sababu maji yana picha. Joto linaua kimya na kikokotoo hakilioni kabisa, maana joto halibomoi nyumba. Thamani ya mali iliyopotea kwenye wimbi la joto ni karibu na sifuri.

Chicago, Julai 1995. Joto lilifika nyuzi 41, umeme ukakatika sehemu nyingi, na vifo vya ziada vikakadiriwa kuwa 739. Chumba cha maiti kilijaa mpaka yakaletwa malori ya friji. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote yalikuwa na umaskini, yote yalikuwa na wazee wengi wa peke yao, joto lilikuwa lilelile. Kaskazini walikufa watu 40 kwa kila 100,000. Kusini 4. Kusini palikuwa na maduka na watu barabarani mchana kutwa, mzee ana mahali pa kutembea na mtu wa kumuulizia. Kaskazini viwanda vilikuwa vimeondoka, watu wameondoka, viwanja vitupu, mzee anajifungia. Sasa mniambie hiyo safu ya jedwali inaitwaje.

Mfano mwingine ni wa ndani ya jengo. Ahmedabad, India, Mei 2010 wimbi la joto lilihusishwa na vifo vya ziada 1,344. Hospitali moja ya jiji ilikuwa na wodi ya wazazi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Watafiti walipochambua rekodi za watoto wachanga walikuta kwamba joto la juu la siku likivuka nyuzi 42, kila nyuzi moja ya ziada iliendana na ongezeko la 43% la watoto waliolazwa chumba cha uangalizi kwa sababu ya joto. Wodi ikashushwa chini, na kushushwa huko kukaonekana kuwakinga. Hakuna saruji iliyomwagwa. Waliamua tu nani akae chini ya paa. Ufaransa 2003, kwenye joto lililoua karibu watu 15,000, kuishi moja kwa moja chini ya paa nako kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari kwa wazee. Na chumba cha chini ya paa kinakaliwa na nani? Asiyeweza kulipia cha katikati.

Ahmedabad ilitoa mpango wake wa joto 2013, wa kwanza Asia ya Kusini. Tahadhari za mapema, mafunzo kwa wahudumu wa afya, baadaye paa kupakwa chokaa au rangi nyeupe kwenye makazi ya watu wa kipato cha chini. Ndoo ya chokaa na brashi. Ukiipeleka kwenye kikokotoo cha Ramani inakuwa mradi usio na faida, kwa sababu paa lenyewe halijaokolewa na chochote.

Kalamu Kavu

Marekebisho kidogo kwa mleta mada, nisionekane nabomoa. Ramani za HOLC hazikuanzisha ubaguzi, na wapo wanahistoria wa uchumi wanaosema kwa kiasi kikubwa zilirekodi mitaa iliyokuwa tayari imetengwa. Aliyefunga bomba la mikopo zaidi ni FHA, idara ya nyumba ya serikali ya Marekani iliyoundwa 1934, ambayo ilikuwa inatoa bima ya mikopo ya nyumba kwa miongozo yake yenyewe. Joto la leo linaendana na ramani nyekundu, hilo halina shaka. Ila kuendana na kusababisha ni vitu viwili. Tukisema ramani ndiyo iliyoleta joto, mtu wa upande wa pili ataivunja hoja nzima kwa tanbihi moja.

Ramani Mkononi

Mkuu Kalamu, imekaa vizuri. Kwa hoja yangu inatosha kwamba thamani ya soko ya mtaa ni historia iliyobanwa ndani ya namba moja, na ukiitumia namba hiyo kugawa ulinzi unailipa historia ileile mara ya pili.

Zamu, safu hiyo haina jina na ndiyo maana haipo.

Jiwe, nimelibakiza swali lako makusudi. England ilibadilisha mfumo wake wa kugharamia kinga za mafuriko 2011. Kwenye mfumo ule, serikali kuu ilichangia kulingana na kaya zinazokingwa, na uzito haukuwa sawa. Kaya zilizo kwenye 20% ya maeneo fukara zaidi zilihesabiwa peni 45 kwa kila pauni ya hasara inayoepukwa. Zilizo kwenye 60% ya maeneo yenye nafuu, peni 20. Za katikati, 30. Kwa hiyo mtaa fukara ulikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili kwa hasara ileile, na mtaa wenye uwezo ukitaka ukuta wake ulitafuta wachangiaji wengine.

Na kujazana? Nyumba zilizojengwa baada ya 1 Januari 2012 hazikuhesabiwa. Ukijenga bondeni baada ya hapo, huingii kwenye hesabu ya ukuta, uwe maskini au bilionea. Hofu yako inatibiwa kwa kuweka tarehe, na tarehe haihitaji kumhamisha mtu hata mmoja.

Jiwe la Mto

Tarehe. Hapo umenishika. Ila England wana takwimu za kila mtaa. Ukiwa na mji ambao nusu ya watu hawako kwenye ramani, hizo peni 45 unampa nani?

Fundi Mitaro

Ndilo tatizo ninalokutana nalo kazini. Mtaa usiopimwa hauna thamani ndogo, hauna thamani yoyote. Kwenye mchoro pameandikwa eneo wazi, kumbe kuna watu elfu kadhaa. Mtaro unapitishwa hapo kwa sababu "hakuna kitu".

Njia ipo ya zamani. Bombay 1985, mwaka uleule wa kesi aliyoitaja Bi Mchoro, shirika la SPARC lilishirikiana na watu wa kando ya barabara kufanya sensa yao wenyewe. Hawakungoja serikali iwahesabu. Kazi hiyo ya kujihesabu imesambaa kwenye mitandao ya wakazi wa makazi duni nchi nyingi. Mkazi anajua mlango upi una familia ngapi, nani analala zamu kwenye kitanda kimoja, maji yalifika kimo gani mvua ya mwaka juzi. Kwa kupanga uzito huhitaji kipimo cha kitaalamu cha umaskini. Idadi ya watu kwa chumba, aina ya paa na umbali wa bomba vinatosha kuanzia, na sensa nyingi za kawaida zinauliza mambo hayo.

Angalizo: orodha hiyohiyo mikononi mwa mtu mbaya ni orodha ya kubomolea. Kabla ya kuhesabiana, mkubaliane nani anaitunza.

Mpangaji Mzoefu

Nimewasoma wote kwa utulivu, sasa niulize la sisi wapangaji. Mtaa ukipata ukuta, mtaro na miti, kodi inapanda. Mwenye nyumba anakuja na tabasamu kwamba eneo limekuwa zuri. Mimi niliyevumilia mafuriko miaka yote nahama, anaingia mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope. Haki ya tabianchi imefika nikiwa nimeshaondoka.

Miami mnaijua? Little Haiti iko kwenye mwinuko kidogo, na kwa miongo hakuna tajiri aliyepataka kwa sababu tajiri alitaka ufukwe. Bahari ilivyoanza kupanda, mwinuko ukawa mali. Utafiti wa 2018 kwenye kaunti ya Miami-Dade ulionyesha bei za nyumba zilizo juu zikipanda haraka kuliko za chini. Kwa hiyo maskini anaachiwa mwinuko wakati wa raha na kushushwa bondeni wakati wa shida. Na lile chokaa la Zamu: paa si langu, hata ruhusa ya kupaka sina.

Bi Mchoro

Mpangaji, umegusa pale ambapo wapanga miji wengi tunanyamaza.

Brazili wamejaribu kitu. Recife iliweka kwenye sheria zake, miaka ya 1980, maeneo maalumu ya makazi ya watu wa kipato cha chini, na 1987 ikaanzisha utaratibu wa wakazi kushiriki kuyasimamia. Sheria ya Miji ya 2001 ikavitambua vifaa vya namna hiyo nchi nzima. Ujanja wake uko kwenye jambo dogo la kiufundi: ndani ya eneo hilo viwanja vina ukomo wa ukubwa na mjenzi mkubwa haruhusiwi kuviunganisha. Akinunua kumi anabaki na vidogo kumi, mnara haujengeki. Bei inapoa bila mtu kukatazwa kuuza.

Sikudanganyi kwamba inatosha. Inazuia mnara. Haimzuii mwenye nyumba kumpandishia mpangaji wake, na fidia karibu kila mahali inamfuata mwenye hati. Nimeona michoro ya kuhamisha watu ambayo mpangaji anapewa notisi na nauli ya lori, basi.

Jiwe la Mto

Sasa tumefika pagumu. Ramani, kikokotoo chako cha peni 45 kinahesabu kaya, na kaya nyingi kwenye vile vyumba 600 ni wapangaji. Maana yake umaskini wa mpangaji unaleta ukuta, na faida ya ukuta inaingia mfukoni kwa mwenye nyumba. Unasaini?

Ramani Mkononi

Sisaini bila kiambatisho. Nyumba iliyoingizwa kwenye hesabu kwa uzito wa mpangaji iandikiwe sharti la kodi. Ujerumani wana utaratibu wa namna hiyo kwenye nyumba za ruzuku: mwenye nyumba anapewa mkopo nafuu wa umma, naye anafungwa na kodi ya kiwango fulani kwa muda uliotajwa. Halazimishwi, akitaka akatae mkopo.

Mpangaji Mzoefu

Mkopo anaweza kuukataa. Ukuta je? Atasema sikuomba ukuta, umejengwa tu mbele ya nyumba yangu. Na hao Wajerumani muda ukiisha nyumba inarudi sokoni, ndiyo maana idadi ya nyumba hizo imekuwa ikishuka kwa miaka mingi.

Kalamu Kavu

La kuukataa lina jibu kwenye mlolongo wa kazi. Ukuta ukiwa peke yake, sharti halina pa kushika. Lakini mtaa huo unahitaji pia kuinua sakafu, kuunganisha kila nyumba na mtaro, kupaka paa. Hivyo vinaingia kwenye kiwanja cha mtu na vinahitaji saini yake. Sharti la kodi likae hapo. Asiyesaini abaki na ukuta na sakafu yake ya chini.

Jiwe la Mto

Na muda? Miaka mitano, kumi?

Ramani Mkononi

Kwenye faili la mradi kuna mstari unaosema ukuta umesanifiwa kudumu miaka mingapi, na faida zimejumlishwa kwa muda huohuo. Kama mhandisi amehesabu faida ya miaka 50 ili mradi upite, sharti la kodi nalo liwe la miaka 50. Akitaka sharti la miaka 10, ahesabu faida za miaka 10 tuone kama ukuta utapita.

Mpangaji Mzoefu

Hiyo weka kwenye bandiko la kwanza kule juu, watu waione bila kushuka mpaka huku.